Mteja wa Kwanza na Ukuta wa Huruma

Mlinikatia keki, mkanifunga leso begani, mkaniambia niende nyumbani nikapumzike. Nimepumzika. Nimefua mapazia yote ya nyumba yangu hapa mtaani Lucky Summer, nimegombana na kuku wa jirani, na sasa sina la kufanya ila kuandika. Siku ile ya kuagana Achieng', aliye mgeni kuliko nyote hapo kwenye ofisi yetu ya matangazo, aliniuliza mteja wa kwanza hupatikana vipi. Nikamjibu kwa mzaha kwamba hupatikana kwa viatu. Mkacheka, naye akacheka, lakini niliona macho yake yakibaki palepale. Alitaka jibu. Jibu lenyewe ni kwamba mteja wa kwanza hupatikana kwa woga, na hilo si la kumwambia mtu aliyeshika kipande cha keki.

Habari za mishahara mtazikuta kwingine. Wala sitaeleza lini tulihamia ofisi yenye choo cha ndani, ingawa nakiri niliifurahia siku hiyo. Nitaandika juu ya kuogopa, maana ndiyo kazi niliyoifanya kwa muda mrefu kuliko zote.

Nilianza kazi hii kwa sababu kiwanda cha kuchapisha lebo kule Baba Dogo kilifungwa, nami nilikuwa nikikata lebo humo. Nilijua karatasi, nilijua rangi, nilijua ni maandishi gani husomeka kutoka mbali. Nisichojua ni kuzungumza na mtu nisiyemjua. Lakini nilikuwa nimeona jambo moja kila nilipopita Huruma nikirudi nyumbani: maduka yamebanana, yote yanauza vitu vinavyofanana, na hakuna linalojulikana kupita kona yake. Nikajiambia, hawa wanahitaji mtu wa kuwatangaza. Ukiwaza jambo kama hilo kitandani huwa ni rahisi sana.

Siku ya kwanza nilivaa suti ya kijivu niliyoichagua kwenye mitumba ya Gikomba, nikaweka faili la plastiki kwapani. Nilipoingia barabara ya kwanza ya Huruma nikaona jambo la ajabu. Muuza mayai alifunika trei zake na gunia. Mama wa nyanya alikunja turubai lake na nyanya zote ndani, akatoweka kwenye uchochoro. Kinyozi akazima mashine mteja akiwa amenyolewa upande mmoja. Kadiri nilivyotembea ndivyo milango ilivyofungwa mbele yangu. Nilidhani kuna msiba unapita, nikageuka nyuma kuangalia.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kreti akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Madam, leo mko wangapi? Lori mmeliacha wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Walidhani mimi ni kanjo, mtu wa baraza la jiji, nimekuja kukagua leseni. Mimi nilikuwa nikiwaogopa wao, nao wakiniogopa mimi, na kati yetu hakuna aliyeuza kitu siku ile. Nilirudi nyumbani, suti nikampa dada yangu, na faili nikafunikia mtungi wa maji.

Kwa hiyo somo la kwanza ni hili: usiende kwa mwenye biashara ndogo umebeba karatasi. Karatasi huku kwetu huja na faini, au na ilani ya kuhama. Nenda mikono mitupu, ununue kitu, ukitumie palepale. Nenda baada ya chakula cha mchana, watu wakiwa wamepungua na mwenyewe anatafuta wa kupiga naye gumzo. Usimwulize biashara inaendaje, maana hilo ni swali la mtu wa kodi. Mwulize kuhusu kitu alichokitengeneza kwa mkono wake, kisha unyamaze. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka mgongo ukazoea.

Hata hivyo walinikataa. Yule kinyozi, nilipomrudia bila suti, alinisikiliza hadi mwisho, akacheka. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema. "Sasa mama, kama hiyo huduma yako ni nzuri, mbona inatembea?"

Fundi wa kushona sare za shule alinikataa kwa namna iliyoninyima usingizi. Aliangalia nje kwanza, pande zote mbili. "Unataka kuniandika jina kubwa kwa ukuta?" akauliza. "Ndio kila mtu mwenye njaa ajue pa kuanzia? Hapa mtu anaishi kwa kutojulikana." Sikuwa nimewahi kuliwaza hilo. Mimi nauza kujulikana, na mtaa mzima unaogopa kujulikana. Nilitembea hadi steji ya matatu nikiwa na hofu mpya ambayo asubuhi sikuwa nayo.

Nilianza kula mchana kwa Mama Nekesa, si kwa sababu ya biashara, bali kwa sababu hoteli yake ndiyo pekee niliyoweza kuingia bila moyo kunienda mbio. Ilikuwa chini ya nyumba ya ghorofa, chumba kimoja chenye meza ndefu mbili, na yeye mwenyewe, mwanamke mpana kutoka Kimilili, amesimama nyuma ya sufuria la madondo, yaani maharagwe. Nilikula hapo siku kadhaa bila kusema neno. Siku moja akaniwekea chapati, akabaki amesimama.

"Dada, wewe hukuji kula," akasema. "Unakula kama mtu anangoja kuitwa na daktari. Sema shida yako."

Nikamwambia yote, mpaka habari ya suti. Alicheka akashika meza. Kisha akanieleza shida yake, na hapo hakucheka. Steji ilikuwa imehamishwa upande wa nyuma wa nyumba. Vibarua wa viwandani, ambao zamani walipita mbele ya mlango wake asubuhi na jioni, sasa walishukia nyuma na kwenda zao bila kumwona. Waliobaki kumlisha ni wapangaji wa ghorofa zile tu. Alisema akishindwa atarudi nyumbani kulima mahindi ya shemeji, na alilitamka neno shemeji kwa namna iliyonionyesha kwamba hilo ndilo analoliogopa kuliko yote.

"Lakini ukuta wa nyuma unaangalia steji," nikasema. "Uko wazi wote."

"Basi niandikie," akasema. Hivyo ndivyo nilivyopata mteja wa kwanza. Mwenye nyumba, tulipompigia simu, alikubali upesi. Alisema rangi itaipendezesha nyumba yake.

Aliyeniandikia ukuta huo ni Mzee Ouma. Nyinyi mmemjua akiwa amezeeka, anakuja ofisini kunywa chai na kulaumu maandishi ya kompyuta. Wakati huo alikuwa fundi wa kuandika ambaye mabaa na makanisa yalimgombania. Alizaliwa Kaloleni, baba yake akiwa mtu wa reli, na alitembea kama aliyerithi unyoofu wa reli yenyewe. Yeye ndiye aliyenifundisha kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, kusimama mbali na herufi kabla ya kuisifu, na kutopaka rangi ukuta wowote kabla ya kuugusa kwa kiganja. Aliugusa ule wa Mama Nekesa, akafuta kiganja kwenye suruali.

"Huu unatoa jasho," akasema.

Nilidhani anazungumzia rangi, kwamba itachelewa kukauka. Labda ndicho alichomaanisha. Tulikubaliana aupake weupe kwanza, uachwe ukauke, tuandike kesho yake. Alipomaliza weupe alitaka kuweka alama za kona nne za tangazo, lakini chaki yake ilikuwa imelowa mvua. Kwenye mkoba wake kulikuwa na mkebe wa rangi nyekundu iliyobaki alipopaka mabati ya kanisa. Akachovya brashi, akapiga misalaba ya mshazari kila kona, mikubwa ili aione kutoka chini. Tukabeba ngazi tukaenda zetu.

Mtu wa Eastlands, upande wetu wa mji, anayesoma hapa tayari ameshika kichwa. Huruma, alama ya X nyekundu ukutani ina maana moja tu. Wakaguzi wa majengo huipiga kwenye nyumba isiyofaa kuishi watu, na baada yake huja matingatinga. Sisi tulikuwa tumepiga nne. Sote wawili tulizaliwa upande huu wa mji, sote tulijua, na hakuna aliyefikiri, kwa sababu tulikuwa tukiangalia tangazo.

Asubuhi tuliporudi tuliona godoro likishuka kutoka ghorofa ya juu kwa kamba. Halafu lingine. Barabara ilikuwa imejaa makochi, majiko, watoto wamekalishwa juu ya marobota ya nguo. Wanawake walikuwa wakilia. Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, alikuwa akiburuta godoro ngazini peke yake huku akisali kwa sauti. Mimi bado nilikuwa najiuliza nini kimetokea kijana mmoja alipoiona ngazi ya Ouma.

"Ni hawa!" akasema. "Huyu buda nilimwona jana akichora. Ni wasee wa kanjo hawa."

Watu waligeuka. Wengi wenu mmekulia mitaa hii, mnajua umati ukigeuka pamoja namna ile huwa unaelekea wapi. Jiwe lilipiga ngazi. Mama Nekesa alitoka mbio, akanishika mkono na Ouma shati, akatuvuta ndani ya hoteli na kufunga mlango wa chuma.

Tulisimama mle ndani na madondo yakichemka. Nje walikuwa wakigonga mlango. Ouma alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Mimi nilikuwa nikiwaza mama yangu ataambiwa nini. Mama Nekesa alichungulia dirishani, akawaona wateja wake wote waliobaki wakipakia vitu kwenye mikokoteni, na nilimwona akiogopa kitu kingine kabisa.

"Mzee," akasema, "chukua brashi utoke uandike."

"Watanipiga, mama."

"Ukikaa humu watachoma mlango. Ukiandika, watasoma. Mimi nitasimama na wewe."

Akafungua mlango, akatoka wa kwanza na mwiko mkononi. Alipaza sauti kwamba huyu ni fundi wake na wampishe wajionee. Sijui kwa nini walimpisha; labda kwa sababu alikuwa amewakopesha chakula wengi wao. Ouma alipanda ngazi. Mkono ulitetemeka mpaka herufi ya kwanza ikatoka imebonyea katikati, ina kiuno, na ilibaki na kiuno hicho mpaka mwisho wake. Mtu mmoja akaisoma. Akaandika ya pili, watu wakaisoma pamoja, kama darasa la chekechea. M, A, M, A. Hakuna aliyeondoka. Walisoma jina lote, wakasoma chapati, wakasoma madondo, na alipofika kwenye chai kuna mtu alicheka, na umati mzima ukalegea.

Yule mama kijana wa godoro akanijia. Aliitwa Mama Brayo, akikaa ghorofa ya sita. "Kwa hivyo si X?" akaniuliza. "Turudishe vitu?"

"Ni alama za tangazo," nikamwambia. "Lakini mambo ya nyumba kama ni nzima, sisi hatuyajui. Sisi ni watu wa matangazo tu."

Aliisikia nusu ya kwanza. Aligeuka akawapigia kelele waliokuwa ngazini, "Ni tangazo tu!" Neno hilo likapanda ghorofa hadi ghorofa. Niliirudia nusu ya pili, kwa huyu na kwa yule, na kila mmoja alinitikisia kichwa kwa furaha huku akibeba kiti chake kurudi juu. Mtu aliyetoka kuogopa vile hana nafasi ya maneno mengine. Magodoro yalipanda. Nikamtazama Ouma, naye akautazama ukuta.

"Ulisema unatoa jasho," nikamwambia.

"Nilisema," akajibu. "Lakini mimi ni fundi wa herufi."

Wiki ile hoteli ilijaa mpaka watu wakala wamesimama. Kila aliyeshuka steji alitaka kuuona ukuta uliohamisha watu. Yule kinyozi alinitafuta mwenyewe. Hata fundi wa sare alinijia, akasema nimwandikie, lakini herufi ziwe ndogo. Wateja wangu wote wa mwanzo walitoka kwenye ukuta ule, na kwao ndiko ilikotoka ofisi mnayokaa sasa. Ndiyo maana sikuwahi kuisimulia vizuri hadithi hii. Watu walitaka niichekeshe, nami nilikuwa naiogopa.

Kila msimu wa mvua ulipoanza nilikwenda Huruma kula chapati. Nilikula haraka, kisha nikazunguka nyuma. Mwaka mmoja niliona ufa mwembamba chini ya herufi N. Mwaka uliofuata ulikuwa umeipita herufi. Nilimwambia mwenye nyumba, akaniambia, "Mama, wewe piga rangi." Ouma aliujaza na kupaka upya, na msimu mwingine ulirudi mahali palepale. Nilimwambia Mama Brayo, ambaye sasa tulisalimiana kama ndugu. Alinisikiliza kwa upole.

"Dada, hata huko kwingine kuna nyufa," akasema. "Za hapa angalau nazijua. Na kodi naiweza."

Kazi iliendelea. Zikaja simu zenye picha, na wateja wakaacha kuuliza ukuta, wakawa wanauliza mbona hawaonekani kwenye ramani ya simu. Nilijifunza kwa taabu; wengine wenu ndio mlionifundisha, na mlikuwa na subira kuliko nilivyostahili. Lakini njia ya kumpata mteja haikubadilika. Bado ni kuingia mlangoni mikono mitupu, kununua kitu, kungoja. Nawaambia hivi kwa sababu nawaona mkiaibika mnapoogopa. Mimi niliogopa kila mlango mpaka wa mwisho.

Mlango wa mwisho ulikuwa palepale. Mvua zilizopita, nikiwa nahesabu miezi ya kustaafu, Mama Nekesa alinipigia simu asubuhi. "Njoo," akasema. "Wamepiga X. Ya kweli. Na hakuna anayehama."

Nilimkuta Ouma amefika kabla yangu. X ilikuwa kubwa kuliko mtu, nyekundu, juu kabisa ya sahani ya chapati aliyoichora alipopaka upya. Wakaguzi walikuwa wamekuja, wameipiga, wamebandika karatasi mlangoni na kuondoka, na mvua ilikuwa imeisomba karatasi. Chini yake watu walipita na miavuli wakienda kazini, wengine wakitabasamu. Kijana mmoja akaniambia, "Niaje mathe, Mama Nekesa anapiga rangi upya?" Mtaa mzima ulijua kisa cha X za tangazo. Walikuwa wamekirithisha hata kwa waliozaliwa baadaye.

Nilipanda ngazi nikagonga milango yote. Sijawahi kuogopa kugonga kama siku ile. Maji yalikuwa yakitiririka ukutani ndani ya ngazi, na nilipoweka kiganja nilikumbuka neno la Ouma. Kila aliyefungua alinisikiliza kwa adabu. "Sawa madam, tumesikia," wakasema, na wakafunga. Ghorofa ya sita Mama Brayo alifungua akiwa na unga mikononi. Brayo mwenyewe, ambaye siku ya magodoro alikuwa mgongoni, alikuwa amelala kwenye kochi baada ya zamu ya kiwandani, miguu imening'inia nje.

"Safari hii si yetu," nikamwambia. "Naapa si yetu."

"Mara ya kwanza nilibeba godoro na mtoto mgongoni, bure," akasema. "Sibebi tena, dada. Kuja unywe chai."

Nilishuka nikiwa nalia, sioni aibu kusema. Ouma alikuwa amekaa juu ya ndoo. "Bado wanasoma tangazo," akasema. "Hiyo X hawaioni."

Mama Nekesa alikuwa amesimama mlangoni pake. Alilitazama jina lake ukutani kwa muda. Jina hilo ndilo lililosomesha watoto wake, ndilo lililomwepusha na mahindi ya shemeji. Kisha akaingia ndani, akamwagia jiko maji, na nikasikia makaa yakilia. Akatoka na sufuria la madondo mikononi, limejaa, akaliweka katikati ya barabara kwenye mvua.

"Futa," akamwambia Ouma. "Futa jina lote. Acha X peke yake."

Ouma alipanda ngazi na ndoo ya weupe. Alifuta chai kwanza, kisha madondo, kisha chapati. Watu walianza kutoka kwenye roshani kuangalia. Ilibaki ile M yenye kiuno, akaifuta pia, na ukuta ukabaki mweupe unaochuruzika, na X katikati. Mama Nekesa alikuwa akitoa meza yake ya pili. Nilitazama juu, nikaona godoro kwenye dirisha la ghorofa ya sita likisukumwa nje, na mikono ya Brayo nyuma yake.

Kufikia jioni nyumba ilikuwa tupu. Mama Nekesa sasa anapikia chini ya turubai pale steji, na bado ana wateja. Nyumba haijaanguka. Mwenye nyumba alikwenda kortini kuizuia kubomolewa, na mambo ya korti hayana haraka. Wako wapangaji wanaonitukana wakinikuta sokoni, kwa sababu wanalipa kodi kubwa zaidi kwingine na nyumba yao imesimama. Nawaelewa. Mimi pia naogopa kwamba imesimama.

Hapo ndipo nilipokuwa nimekusudia kumalizia, niwaombee heri na kuweka kalamu chini. Lakini Jumamosi Achieng' alinitembelea nyumbani. Alifika na mandazi na uso unaong'aa. Tangu aingie ofisini alikuwa hajapata mteja, na najua alikuwa akihofia kwamba mtamwambia arudi kwao.

"Madam, nimepata," akasema. "Nilifanya vile ulisema, kwa viatu. Ni landlodi, mwenye nyumba ya ghorofa. Anataka tangazo la vyumba vya kupangisha, bei ya chini, watu waingie mwezi huu. Ukuta ni mkubwa na umepakwa rangi safi. Unaangalia steji."

Akanipa simu nione picha. Ulikuwa mweupe wote, hauna hata doa. Ulikuwa ule ule wa Mama Nekesa, X imefunikwa; nikaiweka simu juu ya meza. Kisha nikampa kurasa hizi, mpaka hapo nilipokuwa nimefikia, akazisoma zote akiwa ameshika andazi asilolila.

"Nikikataa," akasema mwishowe, "si atatafuta mwingine?"

"Atapata."

"Na kwa hiyo bei watu wataingia?"

"Wataingia hata kabla rangi haijakauka."

Alikuwa akimpoteza mteja wake wa kwanza mbele yangu, na nilimwona akiogopa, na nilimwona akiamua. "Kesho tutaandikia wakaguzi barua," akasema. "Lakini barua inachelewa. Ukuta unasomwa leo."

Nikampigia Ouma. Miguu yake si ile ya reli tena, na alilalamika kuhusu ngazi kabla sijasema ni kazi gani. Nilipomweleza aliacha kulalamika. Aliniuliza rangi ipi. Nikamwambia ile nyekundu ya mabati.

"Kona ngapi?" akauliza.

"Kona hapana, Mzee. Moja tu, katikati. Ile iliyokuwapo."

Tunakwenda asubuhi, saa ile vibarua wanaposhuka steji, ili wengi waone. Achieng' atashika ngazi. Mama Nekesa amesema atazima jiko aje asimame nasi, kama zamani. Mwenye nyumba ana vijana wake wa kulinda ukuta, na mimi naogopa kama siku ile ya suti ya kijivu. Mkipita hapo mkasikia watu wakiuliza hiyo ni kazi ya nani, semeni ni yetu.